Mazungumzo ya 9: Moyo, Maji na Mtoto Anayehara

 

Leo tuanze na jambo dogo. Weka kiganja chako kifuani mwa mtoto aliyetulia. Unasikia? Moyo wa mtoto mchanga hupiga takriban mara 120 hadi 160 kwa dakika, na wako wewe mara 60 hadi 100. Wa kuku hupita mara 200, na wa ng'ombe huenda polepole kuliko wa mwana-mbuzi. Kwa kawaida, mwili ukiwa mdogo moyo hukimbia zaidi.

Kazi ya moyo huo ni moja, kwa binadamu na kwa mnyama. Ni pampu. Husukuma damu ibebe hewa safi kutoka mapafuni na chakula kutoka matumboni, ivipeleke ubongoni, kwenye figo, hadi ncha za vidole. Sasa, zaidi ya nusu ya damu ni majimaji, na hayo majimaji karibu yote ni maji. Yeyote aliyewahi kutumia pampu ya kisima anajua kinachotokea kisima kikikauka: pampu huendelea kunguruma, lakini mferejini hakitoki kitu.

Mtoto wa kilo 10 ana damu ya takriban mililita 800. Ni kama vikombe vinne vya chai, basi. Anapohara, maji hutoka mwilini pamoja na chumvi, na mengine hutoka kwa kutapika na joto la homa. Damu inapungua, moyo unakimbia ili kufidia. Ukishindwa kufidia, mwili unaanza kubana matumizi. Damu inaondolewa mikononi na miguuni ili ubongo na moyo wenyewe vipate. Ndiyo maana mtoto aliyekaukiwa sana na maji ana vidole baridi hata mchana wa jua kali. Figo nazo huacha kutoa mkojo, na nepi hukaa kavu.

Wenzetu wa Garissa, Wajir na Marsabit wataniuliza, mbona ngamia hastuki? Ngamia anaweza kupoteza maji yanayofikia robo ya uzito wake na bado akatembea. Siri yake ni kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hutoka penginepo mwilini, na damu yake haipungui sana, kwa hiyo moyo una cha kusukuma. Akifika kisimani hunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika chache. Mtoto wako si ngamia. Akipoteza maji ya sehemu moja tu kwa kumi ya uzito wake, yaani kilo moja kwa yule wa kilo 10, yuko hatarini kufa.

Anayefanana na mtoto ni ndama. Mfugaji akiona ndama anahara, hufinya ngozi ya shingo na kutazama kama inarudi upesi. Wewe finya ngozi ya tumbo la mtoto, kati ya kitovu na ubavu, kisha achilia. Ikirudi polepole, amepungukiwa na maji. Ikikaa zaidi ya sekunde mbili, hali ni mbaya. Tazama pia macho yaliyoingia ndani, na mtoto anayelialia na kunyakua kikombe kwa kiu. Akiwa amelegea, haamki vizuri au hawezi kunywa, usingoje kesho. Mpeleke hospitali sasa hivi, ukiendelea kumnyonyesha au kumpa maji ya ORS njiani kama anaweza kumeza.

Hapa niseme juu ya utosi. Nimeona mama akimleta mtoto akiwa amepakwa dawa ya miti shamba utosini kwa sababu umebonyea. Mama huyo aliona sawasawa! Utosi uliobonyea ni dalili ya kweli. Lakini utosi si ugonjwa, ni kipimo, na dawa huingia kwa mdomo. Kibaya zaidi, alikuwa amemnyima mtoto kinywaji siku nzima, akiambiwa na majirani kwamba maji huongeza kuhara. Hapana, maji hayaongezi. Yanarudisha yaliyotoka.

ORS ni nini? Ni chumvi na sukari kwa kipimo maalum. Sukari haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Huisaidia chumvi kupita kwenye ukuta wa utumbo, na maji hufuata chumvi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alitumia mchanganyiko huu kwa wakimbizi wa kipindupindu kule India, dripu zilipomwishia. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Waliokuwa wakiwanywesha wengi wao walikuwa jamaa zao tu, watu kama wewe.

Soma pakiti: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita nzima. Ukikosea kipimo, chumvi huzidi au hupungua. Tumia maji safi ya kunywa, na yakibaki baada ya saa 24 yamwage. Mtoto chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, na mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uendelee polepole. Titi lisiachwe, na chakula vilevile. Soda haifai.

Ukifika zahanati ulizia pia zinki. Huliwa kila siku kwa siku 10 hadi 14. Usiikatize kwa sababu choo kimekuwa kigumu siku ya tatu. Kosa hilo ndilo nalikuta mara nyingi kuliko yote.

Juma lijalo tutajibu maswali yenu kuhusu uji wa mtoto wa miezi sita. Kwaherini.