Nahodha Aliyeshuka Melini Akaingia Darasani

Wahenga walinena kwamba nahodha wengi chombo huenda mrama. Hata hivyo, liko eneo la bahari lenye manahodha wanane. Baraza la Aktiki, lililoundwa mwaka 1996 kushughulikia mambo ya upande wa kaskazini kabisa wa dunia, lina nchi wanachama 8 na jumuiya 6 za wenyeji, wakiwemo Wainuiti na Wasaami. Uamuzi haupiti humo mpaka nchi zote zikubaliane.

Je, ni nani anayefaa kufundisha sera za bahari kama hiyo? Jibu moja naliona katika maisha ya Lawson Brigham. Mmarekani huyu alihitimu katika chuo cha Walinzi wa Pwani mwaka 1970, akatumikia miaka 25. Mwaka 1994 alikuwa nahodha wa Polar Sea, meli ya kuvunjia barafu iliyofika Ncha ya Kaskazini ikiandamana na meli ya Kanada, Louis S. St-Laurent. Mwaka uliofuata akastaafu.

Hapo wengi wetu tungeketi barazani kusimulia wajukuu. Yeye alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, akapata shahada ya uzamifu. Kisha aliongoza uchunguzi wa Baraza la Aktiki kuhusu usafiri wa meli, uliotolewa mwaka 2009. Ulibainisha kuwa meli zipatazo 6,000 zilisafiri huko mwaka 2004. Kwamba kinachozivuta si kuyeyuka kwa barafu peke yake bali pia mafuta, madini na bei zake. Na kwamba tishio kubwa ni mafuta kumwagika. Ulipendekeza kanuni za lazima, na kanuni za kimataifa za meli katika maeneo ya ncha zikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2017. Brigham naye akawa profesa wa jiografia na sera za Aktiki katika Chuo Kikuu cha Alaska, Fairbanks.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Barafu naijua ya jokofuni tu. Lakini kisa hiki kimenigusa. Miaka kadhaa iliyopita nilimhoji nahodha mzee wa jahazi kule Lamu, nikikusanya msamiati wa pepo na mikondo. Tulifika nusu, nikaahidi kurudi. Niliporudi nilikuta matanga, wala si ya jahazi. Nusu ya pili ya msamiati ule sitaipata kamwe.

Kenya iliunda kikosi chake cha walinzi wa pwani mwaka 2018. Maafisa wake nao watastaafu, wakiijua bahari yetu kuliko sisi wenye vitabu. Vyuo vikuu viwaandalie njia mapema: wasome, watafiti, kisha wafundishe. Tukiwadai vyeti tu bila kuwapa nafasi ya kuvipata, tutabaki kutunga sera za bahari tukiwa tumesimama ufuoni.