KUJITOLEA NI WEMA, LAKINI UKIUMIA NANI ATALIPA?



Katika kambi nyingi za mashamba ya miwa na chai hapa Uganda wapo wenzetu wenye kazi mbili. Ya kwanza ni ya mshahara: kukata miwa, kuchuma chai, kusimamia mtambo. Ya pili haina mshahara: kuhudumu katika Timu ya Afya ya Kijiji, kutoa huduma ya kwanza pamoja na Msalaba Mwekundu, au kuwa mjumbe wa wafanyakazi katika tawi la chama. Kazi hii ya pili inaokoa maisha, nasi tunaisifu. Lakini sifa hazilipi hospitali. Kwa hiyo tunaeleza hapa haki za anayejitolea, bima yake na gharama zake.

Sheria inamlinda nani?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamlinda mtu mwenye mkataba wa kazi au wa uanagenzi. Akiumia kazini, mwajiri hugharimia matibabu yake. Akifa na kuacha wanaomtegemea, au akipata ulemavu wa kudumu usiomwezesha kufanya kazi tena, fidia ni mapato ya miezi 60. Hata ajali inayompata akiwa njiani moja kwa moja kwenda kazini au kurudi huhesabiwa kuwa ya kazini. Mwajiri analazimika kuwa na bima kwa ajili ya madai hayo.

Anayejitolea hana mkataba wa namna hiyo. Tuseme mkata miwa amegongwa na lori Jumatatu akielekea shambani: sheria inamhusu. Tuseme amegongwa Jumamosi, mahali palepale, akipeleka vyandarua vya mbu kwa niaba ya timu ya afya: sheria hiyo haimhusu. Barabara ni moja, mguu uliovunjika ni ule ule, na watoto wanaomngojea nyumbani ni wale wale.

Ukimwokoa mwenzako kazini

Hapa wengi hawajui haki yao. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mfanyakazi akitenda jambo ili kumlinda mtu aliye katika eneo la mwajiri, ambaye anaamini ameumia au yumo hatarini, tendo hilo huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake. Vivyo hivyo akilinda mali iliyomo katika eneo hilo. Basi ukiungua ulipokuwa ukimtoa mwenzako motoni, usikubali kuambiwa, "Nani alikutuma?" Hukuhitaji kutumwa.

Toa taarifa ya ajali mara moja, wala usingoje mwezi upite. Andika siku, saa, mahali na majina ya mashahidi. Nakala moja mpe mwajiri, nyingine ibaki tawini. Mwajiri akinyamaza, nenda kwa Afisa wa Kazi wa wilaya pamoja na mjumbe wako.

Bima ya anayejitolea

Nje ya kazi ya mshahara, ulinzi unategemea shirika linalokutuma. Shirikisho la kimataifa la vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lina mpango wa bima ya ajali ambao vyama vya nchi vinaweza kuwaandikisha wanaojitolea. Kwa hiyo, kabla ya kuvaa fulana ya shirika lolote, uliza: Je, nimeandikishwa katika bima? Inalipa matibabu tu, au pia ulemavu na kifo? Jina la mrithi wangu limeandikwa? Bima inanihusu nikiwa njiani? Majibu yawe kwa maandishi. Ahadi ya mdomo haifiki kwenye dirisha la malipo hospitalini.

Gharama si mshahara

Kujitolea maana yake ni kutoa nguvu na muda. Si kutoa pia nauli, chakula cha mchana, sabuni, glavu na pesa za simu kutoka katika mshahara usiotosha. Mambo manne yakubaliwe mapema: gharama zipi zitarudishwa, kwa kiasi gani, nani atalipa na siku gani. Weka risiti. Pale ambapo hakuna risiti, kama kwa mwenye bodaboda, andika katika daftari tarehe, safari na kiasi, kisha mweka hazina atie sahihi.

Pesa ya kurudishiwa gharama si mshahara. Lakini ukilipwa kiasi kile kile kila mwezi, ukipangiwa saa na kuamrishwa kama kibarua, lete habari hizo tawini. Huenda hiyo ni ajira iliyobandikwa jina jingine.

Nchi jirani ya Kenya wahudumu wa afya wa vijijini walitegemea kwa miaka mingi moyo wa kujitolea. Mwaka 2023 ulianza mpango wa kuwapa posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Kulazimishwa si kujitolea

Mnyapara akisema, "Jumapili tunajitolea kufyeka, na asiyekuja nitafuta jina lake," hapo hakuna kujitolea. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1963, unaita kazi ya kulazimishwa ile inayotakwa kwa kitisho cha adhabu kutoka kwa mtu asiyejitoa kwa hiari yake. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kazi ya kawaida. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu.

Tuanzie nyumbani

Nasi wa chama tusiwe wepesi wa kudai kwa wengine tu. Wajumbe wetu wengi hawalipwi. Kila tawi liweke katika makisio yake fungu la nauli na chakula cha wajumbe, na katika mkutano ujao lijadili bima yao. Anayebeba mzigo wa wenzake asiachwe peke yake siku mzigo huo utakapomwangukia.

Umoja ni nguvu.