Video za Maafa Likoni: Mabenchi Hujaa, Mfuko Haujai

Katika biashara ya vibanda vya video upande wa Likoni, ikiwamo mitaa inayopakana na Shelly Beach, filamu ya familia inayonusurika janga la asili haichuji upesi, kwa kuwa mtazamaji anayeijua bamvua, yaani maji ya mwezi mpevu au mwandamo yanayojaa na kupwa kupita kawaida, hahitaji kuelezwa bahari ina nguvu gani. Mfano ulio karibu ni The Impossible ya mwaka 2012, inayosimulia familia iliyokumbwa na tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 huko Khao Lak, Thailand. Mawimbi hayo hayo, yaliyozuka kwa tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra, yalifika Afrika Mashariki saa kadhaa baadaye, yakaua mamia ya watu Somalia na mtu mmoja Kenya.

Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 170 duniani, lakini katika kibanda cha mabati chenye pazia jeusi mlangoni hesabu ni ya sarafu. Mwenye kibanda mmoja, aliyeomba jina lake lisitajwe, analalamika kwamba hulipia kibali cha kaunti, leseni ya kuonyesha filamu na ada ya muziki, na bado kila mkaguzi anayeingia hudai karatasi ambayo mwenzake hakuitaja. Siku za mpira, anasema, ndizo zinazolipa umeme. Kinachomuudhi zaidi ni kijana wa jirani anayewajazia wateja filamu hiyo hiyo kwenye flashi, kile kijiti cha kuhifadhia data, bila kuulizwa chochote. Malalamiko hayo yana uzito, ingawa naye hasemi nakala yake aliipata wapi.

Afisa mmoja wa leseni anashikilia kwamba wenye vibanda wengi wamekwisha kusajiliwa, dai lisilopatana kirahisi na vibanda visivyo hata na ubao wa jina. Tena Sura ya 222, sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, ilitungwa mwaka 1962, wakati sinema haikubebeka mfukoni.

Simu na bando huenda zikawapunguza watazamaji zaidi. Kwa hali ilivyo, kibanda chenye matumaini ya kusalia ni kile chenye king'amuzi cha mpira, na familia ya tsunami itangoja dakika 90 ziishe.