Mpaka Ndani ya Kiwanja cha Ndege: Abiria wa Mapito na Uhamiaji

Neno 'uhamiaji' limetokana na kitenzi 'hamia', yaani kuondoka mahali na kwenda kukaa kwingine. Abiria anayeshuka ndege moja mjini Amsterdam ili apande nyingine hahamii popote. Aghalabu hataki hata kuliona jiji lenyewe. Hata hivyo, huenda akajikuta mbele ya afisa wa uhamiaji akitakiwa aonyeshe viza. Makala haya yanafafanua ni wakati gani abiria wa namna hiyo huhesabiwa kuwa ameingia nchini na ni wakati gani huhesabiwa kuwa anapita tu.

Ifahamike kwanza kwamba hakuna sheria moja ya ulimwengu mzima. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa ndege za kimataifa, unaiachia kila nchi sheria zake za kuingia na kutoka. Kutokana na uhuru huo pamezuka taratibu mbili. Katika utaratibu wa kwanza, kiwanja hutengewa eneo la mapito: abiria hushuka, mzigo wake wa mkononi hukaguliwa, naye huelekea kwenye lango la ndege ya pili pasi na pasipoti yake kugongwa muhuri. Ndivyo ilivyo Doha na Dubai, na ndivyo ilivyo Nairobi kwa anayetoka Kigali akielekea Mumbai.

Utaratibu wa pili hauna eneo hilo, na Marekani ndiyo mfano wake ulio wazi. Huko kila abiria hupitia uhamiaji katika kiwanja cha kwanza anachotua na, kwa kawaida, huchukua mizigo yake, huipitisha forodhani, kisha huikabidhi upya. Haijalishi kwamba anaelekea nchi nyingine. Mathalani, mwanafunzi Mkenya aliyepata nafasi katika chuo kikuu cha Toronto anaweza kuwa na viza halali ya Kanada na tikiti iliyokwisha kulipiwa. Iwapo tikiti hiyo inapitia New York, hana budi kuwa na viza ya Marekani pia, japo ya mapito. Asipokuwa nayo, hatazuiwa New York, atazuiwa Nairobi. Shirika la ndege linalompeleka mtu asiyeruhusiwa kuingia hulazimika kumrudisha, na huenda likatozwa faini juu ya hayo. Kwa hivyo afisa wa kwanza wa uhamiaji anayekutana naye, kwa hakika, ni karani wa shirika hilo, mtu asiye na mamlaka ya kiserikali wala nafasi ya kusikiliza hoja wakati foleni inangoja.

Tikiti nazo zina mtego wake. Anayenunua tikiti mbili mbalimbali kwa kuwa ni nafuu huenda mizigo yake isipelekwe moja kwa moja hadi mwisho wa safari. Itambidi atoke nje kuichukua, na kutoka nje ni kuingia nchini. Vivyo hivyo kwa anayetua Heathrow ilhali ndege yake ya pili inaondokea Gatwick.

Katika nchi za Schengen mambo hutegemea kituo kinachofuata. Abiria wa Nairobi anayekwenda Berlin kupitia Amsterdam hukaguliwa Amsterdam, kwa kuwa safari ya kutoka hapo ni kama ya ndani. Akiwa anakwenda Toronto, husalia katika eneo la mapito. Hata hivyo, raia wa baadhi ya nchi, zikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ethiopia na Somalia, hutakiwa kuwa na viza ya kukaa katika eneo hilo lenyewe, isipokuwa wenye vibali maalumu kama viza halali ya Kanada au Marekani.

Je, aliye katika eneo la mapito yuko wapi kisheria? Swali hili si la wanafalsafa pekee. Mnamo Machi 1992, ndugu wanne Wasomali waliokimbia nchi yao walitua Orly, Paris, wakitokea Damascus. Pasipoti zao zilionekana kuwa zimeghushiwa, wakazuiliwa kwa siku 20 katika eneo la kiwanja na hoteli iliyo karibu, kisha wakarudishwa Syria. Serikali ya Ufaransa ilidai kwamba walikuwa huru kuondoka kwenda nchi nyingine wakati wowote. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haikukubaliana nayo. Iliamua kwamba eneo la kimataifa, licha ya jina lake, ni ardhi ya Ufaransa, na kwamba ndugu hao walikuwa wamenyimwa uhuru wao kinyume cha haki. Uamuzi huo ulitolewa tarehe 25 Juni 1996, zaidi ya miaka minne baada ya wao kurudishwa Syria.