Meli na Watu Wake (Sehemu ya Nne): Nyuma ya Mlango wa Wafanyakazi

Ziara ya sehemu za kazi ni matembezi ya saa tatu au nne ndani ya meli kubwa ya watalii. Huuzwa kwa abiria wanaotaka kuona mahali ambapo siku nyingine hawaruhusiwi kukanyaga: jikoni, stoo, kwa dobi, kwenye chumba cha kuongozea mitambo na kwenye chumba cha usukani. Makundi huwa madogo. Viatu vya wazi havikubaliwi, kupiga picha hukatazwa sehemu nyingi, na mara nyingi kila abiria hutia saini hati ya kukubali hatari kabla ya kushuka. Royal Caribbean, Princess na Carnival zote huuza ziara ya namna hii, kila kampuni kwa jina lake, na bei mara nyingi hupita dola 100.

Jambo hili linastahili kuelezwa kwa sababu kila msimu meli za watalii huzirudia bandari za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na habari zake huandikwa kwa sura moja: jina la meli, idadi ya abiria, ngoma za kuwapokea gatini. Wafanyakazi hawatajwi, ingawa katika meli hizo huwamo mfanyakazi mmoja kwa kila abiria wawili au watatu. Abiria hulazimika kununua tikiti ya pili ili awaone watu wanaomlisha na kumfulia.

Ziara hupita katika ushoroba mrefu wa wafanyakazi, unaotoka karibu na omo hadi karibu na shetri. Hauna zulia wala picha ukutani. Mabomba na nyaya ziko wazi darini, na sakafuni hupita foklifti zikibeba mizigo. Katika meli zenye asili ya Marekani ushoroba huo huitwa I-95, kwa jina la barabara kuu inayotoka Florida hadi Maine. Katika meli za Waingereza huitwa Barabara ya Burma. Barabara yenyewe, kutoka Lashio hadi Kunming, ilikamilishwa mwaka 1938 na vibarua wa Kichina kwa mikono na majembe. Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kulijua jina hilo kwa undani zaidi, kwani Burma ndiyo Bama ya askari wa zamani: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana huko katika bonde la Kabaw mwaka 1944.

Stoo, jiko na dobi ndizo sehemu zinazowafurahisha wageni wengi. Vyumba vya baridi hutenganishwa, nyama mbali na samaki, samaki mbali na mboga. Jikoni mapishi hayakomi usiku wala mchana. Shuka hupitishwa kwenye mashine inayozipiga pasi na kuzikunja. Takataka huchambuliwa kwa mkono: chupa husagwa, makopo hubanwa, na plastiki huhifadhiwa hadi bandarini, kwa kuwa mkataba wa MARPOL umepiga marufuku kuitupa baharini tangu mwisho wa 1988.

Baada ya hapo kundi huingia katika chumba cha kuongozea mitambo. Ni chumba chenye ubaridi, na wahandisi wachache hukaa mbele ya skrini wakifuatilia joto, mafuta na umeme. Injini zenyewe ziko nyuma ya mlango mwingine, na kwa kawaida mlango huo haufunguliwi. Mgeni huondoka akidhani kazi ya chini ya meli ndivyo ilivyokuwa siku zote. Sivyo hata kidogo.

Titanic, iliyozama Aprili 1912, ilikuwa na boila 29 zenye matanuri 159, na kila tanuri lililishwa makaa ya mawe kwa sepetu. Wachochea moto walifanya zamu ya saa nne, wakapumzika saa nane, kisha wakarudi tena. Walilala omo, na kutoka huko walishuka kwa ngazi za mzunguko hadi kwenye njia yao maalumu, chini kabisa karibu na tumbo la meli, iliyowafikisha kwenye boila bila kuonekana na abiria. Kasi ya mikono yao iliamriwa na chombo kilichoitwa kwa jina la Kilroy, ambacho kengele yake ilipolia, kilionyesha namba ya tanuri la kufunguliwa. Meli pacha yake, Olympic, ilipobadilishwa itumie mafuta baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watu wa sehemu hiyo walipungua kutoka kama 350 hadi 60.

Kwa upwa wa Afrika Mashariki historia hii ni ya nyumbani. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za mvuke zilijaa katika Bahari ya Hindi. Kampuni ya P&O iliwapanga wafanyakazi wake kwa asili zao: sitahani Wahindi wa pwani ya magharibi, mezani Wagoa, na kwenye makaa Wapunjabi pamoja na Waafrika walioitwa Seedee. Jeshi la Majini la Uingereza nalo liliwaandika Waafrika hao Zanzibar, ambako manowari London ilikaa kama kituo kuanzia 1874. Wengi wao walikuwa watumwa waliokombolewa. Neno lenyewe hudhaniwa limetokana na sidi ya Kiarabu, yaani bwana wangu. Likaishia kuwa jina la mtu wa sepetu.

Mabwana wa meli walidai kwamba Mwafrika ameumbwa kustahimili joto. Hoja hiyo ilikuwa uongo. Joto la boila halichagui ngozi, na kilichowavutia waajiri ni mshahara mdogo kuliko wa Mzungu. Dhuluma ya pili ilitendeka katika vitabu. Makarani wa manowari waliwaandika wengi wao kwa majina ya mzaha ya Kiingereza, hivyo mjukuu anayemtafuta babu yake katika kumbukumbu za Uingereza hakuti jina lolote la ukoo wake. Kumbukumbu hizo zinahitaji kusomwa upya na wanahistoria wa Mombasa na Zanzibar, majina yarejeshwe kadiri yanavyopatikana, kabla simulizi za wazee hazijapotea.

Kituo cha mwisho cha ziara ni chumba cha usukani. Zamani mgeni aliweza kualikwa huko kwa urahisi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 iliandaliwa kanuni ya kimataifa ya usalama wa meli na bandari, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004, na tangu hapo wageni hukaguliwa kwanza, tena huingia wachache.

Mahali pamoja kwa kawaida hapamo katika orodha: vyumba vya kulala vya wafanyakazi. Ni sawa wasiingiliwe faragha yao, lakini vipimo vyake si siri. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unataka chumba cha mabaharia wawili katika meli ya abiria kisipungue mita za mraba 7.5, na cha wanne kisipungue 14.5. Unataka pia baharia apate mapumziko ya angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba, au asifanye kazi zaidi ya saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, kwa hiyo maofisa wa bandari zao wana mamlaka ya kupanda melini na kukagua kama masharti hayo yanafuatwa. Mamlaka hayo na yatumike. Na gazeti linalotangaza kuingia kwa meli liandike idadi mbili: ya abiria, na ya waliowaleta.