Elimu ya Bahari na Anga: Tusiwakatishe Tamaa Vijana

Majahazi yalikuja mwambao wetu kwa kaskazi na kurejea Arabuni kwa kusi. Kuujua upepo kulikuwa riziki. Leo elimu hiyo husomwa chuo kikuu, ikiwemo Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978.

Mwanafunzi hujifunza, kwa mfano, kwamba maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakizidi kwa joto yale ya mashariki, mvua za vuli huzidi kwetu, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Msingi wake ni fizikia na hisabati.

Basi wazazi wenzetu, binti akiichagua fani hii badala ya udaktari, tusimvunje moyo. Onyo litolewalo mapema humzuia mvuvi asitweke tanga siku ya dhoruba, na watoto wake wakabaki na baba.