Bustani ya Dodoma Huchaguliwa kwa Jicho la Oktoba

Februari, Dodoma humdanganya mgeni. Mvua imeshanyesha, vilima vimevaa kijani, na kando ya barabara wauza miche wamepanga viriba vyenye maua ya kila rangi. Familia iliyohamia juzi Iyumbu au Nzuguni, kuta za nyumba bado zinanuka rangi, husimamisha gari na kujaza buti. Ikifika Oktoba, sehemu kubwa ya miche hiyo imekuwa vijiti vya kuwashia jiko.

Mji huu una msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na kwa wastani mvua yenyewe haifiki milimita 600 kwa mwaka. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu, na upepo wa vumbi juu yake. Aliyezoea Dar es Salaam, ambako vuli na masika hupokezana, huleta mazoea ya huko pamoja na makochi. Jambo la kwanza analotaka uani ni ukoka. Ukoka wenyewe haufi kwa kiangazi. Hukauka, ukasubiri mvua, ukachipua. Anayeteseka ni mwenye nyumba anayetaka ubaki kijani mwaka mzima kwa maji ya mgao.

Kwa hiyo mtu akiniuliza apande nini, humwambia atembee mtaani mwezi wa kumi aangalie ni nini bado kinachanua kwenye nyumba ambazo hakuna anayemwagilia. Mara nyingi ataikuta bogenvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wafaransa waliozunguka dunia na nahodha Bougainville ndio walioikusanya Brazil mwaka 1767, na jina la nahodha likabaki kwenye mmea. Zile rangi za zambarau na chungwa tunazozisifia si maua bali ni majani yaliyojipamba. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati. Bogenvilia ikishika mizizi hupenda kubanwa. Ukiilisha mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni na kuimwagia maji kila jioni itakupa majani mengi na miiba, maua hutayaona. Iache ione kiu kidogo, ndipo inapochanua.

Wenye nafasi ndogo hupenda adeniamu, ule mmea wenye shina nene kama chupa na maua ya waridi, ambao hauna haja ya kuombewa uraia: ni wa kwetu, Afrika Mashariki, ingawa hupatikana hadi Uarabuni. Shina ndilo ghala lake la maji. Kiangazi hupukutisha majani, na hapo ndipo wengi huiua kwa huruma, wakidhani imekauka na kuizidishia maji hadi shina linaoza. Ikiwa haina majani, iache. Utomvu wake ni sumu kali. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hupaka sumu ya mmea wa jamii hii kwenye mishale. Nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni isubiri kwanza. Tahadhari hiyohiyo iende kwa mnyaa, uzio maarufu wa nchi kavu, ambao maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kumpeleka mtu hospitali.

Shubiri na mchaichai sina haja ya kuvieleza sana. Vinka, yenye maua meupe au ya waridi, hudharauliwa kwa sababu inaota hata makaburini, lakini mmea huu wa asili ya Madagaska ndio uliozaa dawa za saratani vinkristini na vinblastini, na kiangazi hauulizi maji ya nani. Lantana ndiyo nisiyompa mtu. Ni ngumu, kweli, na inapendeza, ila ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na ikishatoroka uani hugeuka kichaka kinachofukuza malisho.

Ila kama uani pana nafasi ya mmea mmoja tu, ningepanda mzabibu. Dodoma ndiyo nchi ya zabibu, na mzabibu uliotunzwa huzaa kwa miaka mingi huku ukikupa kivuli juu ya kibaraza. Kwa kuwa hapa hakuna baridi kali ya kuulaza usingizi, anayeulaza ni mwenye mkasi. Ukipogolewa baada ya mavuno huanza upya, ndiyo maana wakulima hapa huvuna mara mbili kwa mwaka. Usipopogolewa utatambaa hadi kwa jirani, na mashada utayahesabu kwa vidole.

Kupanda kwenyewe kuna mambo machache yasiyosameheka. Mche uingie ardhini mvua za kwanza zikishalowesha udongo, ili upate msimu mzima wa kushusha mizizi. Udongo wa hapa hushikamana ukawa kama tofali, hivyo shimo la mzabibu liwe la sentimita 60 kwenda chini na upana uleule, lijazwe udongo wa juu na samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi, na katika mkoa wa wafugaji hakuna sababu ya kukosa iliyokomaa. Juu acha kibonde cha kukusanya maji, wala usitengeneze kichuguu kama cha tuta la viazi.

Mwaka wa kwanza mmea wowote ni mtoto, hata ule unaoitwa sugu. Umwagilie kwa nadra, lakini maji yazame. Anayenyunyizia kidogo kila siku huifundisha mizizi kukaa juu, pale jua linapochoma. Maji ya kusuuzia mboga na mchele yanatosha miche kadhaa. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina, ila ziache mbali nalo kiasi cha kiganja, kwa sababu mchwa wa Dodoma hawabagui nyasi na gome.

Matawi ya mzabibu unayokata usiyatupe. Chagua pingili zilizokomaa, zenye unene wa penseli na macho matatu au manne, zisimamishe kwenye viriba vyenye kivuli, macho yaelekee juu, na udongo usikauke. Zikishachipua na kushika mizizi, wagawie majirani kabla mvua za Desemba hazijaanza.